Mshahara wa Ughaibuni: Hesabu ya Kufanywa Ukiwa Bado Nakuru

Barua ya kazi ya nje inapofika nyumbani, iwe Subukia au Kuresoi, mstari unaosomwa kwanza ni ule wenye tarakimu. Euro 1,340 kwa mwezi. Mtu anatoa simu, anazidisha kwa 150, na shilingi 201,000 zinajitokeza kwenye kioo. Kabla chai haijapoa jirani ameshapata habari, mjomba ameshakumbusha kuhusu karo ya mwanawe, na wanachama wa chama wameanza kuulizana nani atamdhamini kijana kwenye mkopo wa tiketi. Hakuna aliyedanganya. Tarakimu ni ya kweli. Kilichosahauliwa ni upande wa pili wa karatasi: pesa hizo zitaliwa na nini huko huko zinakolipwa, na ni ngapi zitakazobaki.

Makala haya ni somo la upande huo wa pili. Yanawafaa vijana wanaotafuta kazi au masomo ng'ambo, na pengine yanawafaa zaidi wazazi, maana mara nyingi wao ndio wanaouza ng'ombe au kuweka hati ya shamba rehani.

Kiu ya kusafiri si ya bure. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9, na si familia chache za bonde hili zilizojenga, kusomesha au kutibiwa kwa pesa hizo. Mnamo Julai 2021 Kenya na Uingereza zilikubaliana kuhusu ajira za wahudumu wa afya. Mnamo Septemba 13, 2024, jijini Berlin, Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji na ajira. Siku hiyo hiyo ilienea habari kwamba Wakenya 250,000 wangechukuliwa. Serikali ya Ujerumani ilikanusha mara moja: mkataba hauna idadi yoyote ndani yake. Hata hivyo idadi hiyo bado inatajwa na mawakala hadi leo, na anayeitaja ofisini mwake amejitambulisha ni mtu wa aina gani.

Mfano wa Ujerumani, senti kwa senti

Mfano mzuri wa kuanzia ni mwanagenzi wa uuguzi. Huu ni mpango wa miaka mitatu ambapo kijana anasoma na kufanya kazi hospitalini, huku akilipwa. Hospitali za umma hulipa zaidi ya euro 1,300 katika mwaka wa kwanza. Ili hesabu iwe rahisi kufuatwa, mshahara uchukuliwe kuwa euro 1,340, na euro moja iwe shilingi 150. Kiwango halisi cha ubadilishaji hupanda na kushuka, jambo litakalorudiwa baadaye.

Kabla pesa hazijaingia kwenye akaunti, makato hupita. Yeyote aliyeona hati ya mshahara ya Kenya, yenye makato ya SHIF, NSSF na ada ya nyumba, hatashangazwa na wazo hilo. Kitakachomshangaza ni ukubwa wake. Nchini Ujerumani mfanyakazi hukatwa pensheni asilimia 9.3, bima ya kukosa kazi asilimia 1.3, bima ya afya asilimia 7.3 pamoja na nyongeza inayotegemea shirika la bima, na bima ya matunzo ya uzeeni, ambayo asiye na mtoto hulipa zaidi akishapita miaka 23. Kwa jumla ni zaidi kidogo ya moja ya tano ya mshahara. Kwa mshahara mdogo kama huu ushuru wa mapato ni kidogo sana au haupo kabisa. Mwanagenzi anabaki na takriban euro 1,050.

Halafu kuna nyumba. Mkataba wa kupanga wa Ujerumani huwa na bei mbili, na wageni wengi hujikwaa hapo. Ya kwanza huitwa Kaltmiete, yaani kodi baridi: hiyo ni ya kuta na paa tu. Ya pili ni Warmmiete, kodi moto, ambayo imeongezwa maji, takataka na kwa kawaida joto la kupasha nyumba wakati wa baridi. Stima na intaneti mara nyingi haziko hata kwenye hiyo ya pili. Tangazo likionyesha bei nzuri ya kushangaza, huenda ni ile ya kwanza. Hata bei ya pili haimalizi mambo: malipo ya joto ni makadirio, na mwaka ukiisha mwenye nyumba hupiga hesabu ya kilichotumika kweli. Mgeni aliyezoea hali ya hewa ya Naivasha na akawa anafungua vifaa vya joto mpaka mwisho huku dirisha likiwa wazi, hupokea barua ya kudaiwa mamia ya euro.

Kwa mfano huu chumba kikadiriwe euro 400, kila kitu ndani. Anayepata bweni la hospitali anaweza kulipa pungufu. Aliyepangiwa Munich atalipa zaidi ya hapo, tena zaidi sana. Chakula cha anayejipikia kikadiriwe euro 220. Tiketi ya mwezi ya usafiri wa umma nchini kote ilikuwa euro 58 mwaka 2025, na tangu Januari 2026 ni euro 63. Simu, euro 20. Mavazi, sabuni, dawa ndogo ndogo na mengineyo, euro 60. Kisha kuna ada ya redio na televisheni za umma, euro 18.36 kwa kila nyumba kila mwezi, uwe na televisheni au usiwe nayo. Mgeni hupokea barua yake muda mfupi baada ya kujiandikisha makazi, akadhani ni ulaghai, akaitupa. Si ulaghai, na deni lake hukua.

Jumla ya matumizi hayo ni euro 781. Kinachobaki kutoka 1,050 ni euro 269, au shilingi 40,350.

Tarakimu hii ndiyo iliyopaswa kusomwa nyumbani siku ile barua ilipofika. Shilingi 201,000 zimekuwa 40,000, na hakuna anasa yoyote iliyohesabiwa: hakuna nguo mpya ya Krismasi wala chakula cha mgahawani wala siku ya kuumwa jino. Shilingi 40,000 za akiba kila mwezi si haba, na kijana anasomea taaluma huku akilipwa. Lakini anayedhani anatuma laki moja kila mwezi ataanza kuona kijana wake amebadilika, amekuwa mchoyo, amesahau alikotoka, kumbe kijana analala na soksi mbili ili asiongeze gharama ya joto.

Bei za huko si za kutisha zote. Mtu wa Molo atafurahi kujua kwamba viazi, maziwa na mkate ni vitu vya bei nafuu Ujerumani ukilinganisha na mshahara. Kinachomaliza pesa ni kila kitu kinachohitaji mkono wa mtu: kunyolewa, kusukwa nywele, fundi wa bomba, mlezi wa mtoto. Nakuru mama anaweza kumwacha mtoto kwa nyanya yake, akachuma sukuma shambani na kukopa unga kwa jirani hadi Ijumaa. Huko hakuna nyanya wala shamba, na unga wa mahindi hupatikana kwenye maduka ya Waafrika kwa bei ya bidhaa iliyovuka bahari. Gharama nyingi za maisha ya hapa hulipwa kwa ujirani, ndiyo maana hatuzioni kuwa gharama mpaka tuhame.

Mwezi wa kwanza hauna mshahara

Hesabu iliyo hapo juu inaanza pale mtu ameshatulia. Kufika kwenyewe kuna bei yake, na bei hiyo hulipwa kabla ya senti ya kwanza kuingia.

Pasipoti ya kurasa 34 ni shilingi 7,500. Viza ya kitaifa ya Ujerumani ni euro 75. Kuna mafunzo ya Kijerumani, ambayo kwa uanagenzi kwa kawaida hutakiwa kufika kiwango cha B1, na kwa muuguzi aliyehitimu anayetaka cheti chake kitambuliwe, kiwango cha B2. Hiyo ni miezi mingi ya darasa na mitihani, na anayefeli hulipa tena. Kuna tafsiri za vyeti. Kuna tiketi ya ndege, isipokuwa mwajiri ameahidi kwa maandishi kuilipa.

Akishatua anadaiwa amana ya nyumba. Sheria ya Ujerumani inamruhusu mwenye nyumba kudai hadi kodi baridi ya miezi mitatu. Kodi baridi ikiwa euro 350, amana hiyo ni euro 1,050, yaani shilingi 157,500 zinazokaa kwa mwenye nyumba hadi siku ya kuhama. Jambo moja ambalo wageni wengi hawaambiwi ni kwamba sheria hiyo hiyo inampa mpangaji haki ya kuilipa amana kwa mafungu matatu ya kila mwezi. Na kwa kuwa mshahara huja mwisho wa mwezi, siku thelathini za kwanza ni za kula kilichobebwa kutoka nyumbani.

Basi ichukuliwe kwamba familia imekopa shilingi 400,000 kwa ajili ya yote haya. Kwa akiba ya 40,000 kwa mwezi, deni linaisha baada ya miezi kumi, kama halina riba na kama kijana hamtumii mtu yeyote hata shilingi moja. Akiahidi kutuma 20,000 nyumbani kila mwezi, deni linaisha baada ya miezi ishirini. Mkopo wenye riba ya kila mwezi unaweza kuvuka mwaka wa pili. Ahadi nyingi zinazotolewa siku ya kumuaga msafiri huvunjika kwa sababu hakuna aliyegawa tarakimu hizi mbili.

Bonde la Ufa lina mfano wa zamani wa hesabu ya aina hii. Lord Delamere alipohamia Njoro mwaka 1903, serikali ya kikoloni ilimpa ekari 100,000, ardhi ambayo Wamaasai walikuwa wakilishia mifugo yao. Ardhi hakuinunua kwa bei ya soko, na bado nusura afilisike. Kondoo aliowaleta kutoka mbali walikufa kwa wingi kwa sababu malisho ya Njoro yalikosa madini, jambo ambalo wafugaji wenyeji walilijua bila kufundishwa. Ng'ano yake ikaliwa na ugonjwa wa kutu. Alikuwa ameweka rehani mali ya familia huko Uingereza. Tofauti yake na kijana wa leo wa Njoro ni kwamba yeye alikuwa na serikali nyuma yake na mali ya kutosha kukosea mara mbili tatu. Familia yenye ekari moja na nusu inakosea mara moja tu.

Bei ya maisha imeandikwa kwenye masharti ya viza

Wengi huuliza: mtu aliye Gilgil atajuaje maisha ya mji asiowahi kuuona yanagharimu kiasi gani? Ndugu aliye huko anaweza kusaidia, ingawa ndugu huona haya kusema anavyoishi. Njia ya uhakika zaidi ni kusoma masharti ya viza yenyewe. Nchi nyingi humtaka mwanafunzi au mtafuta kazi aonyeshe ana pesa za kujikimu, na kiasi wanachotaja ni makadirio yao wenyewe ya maisha ya chini kabisa.

Ujerumani humtaka mwanafunzi aweke euro 11,904 kwa mwaka kwenye akaunti iliyofungwa, inayomtolea euro 992 kila mwezi. Kwa shilingi ni karibu milioni 1.8. Anayekwenda kutafuta kazi kwa kadi maalum ya fursa iliyoanzishwa Juni 2024 alitakiwa mwaka 2025 kuonyesha euro 1,091 kwa kila mwezi, yaani karibu shilingi milioni 2 kwa mwaka mzima. Pesa hizo si ada. Ni zake, lakini hawezi kuzitoa zote kwa mara moja. Finland ilipandisha kiwango chake kwa wanafunzi kutoka euro 560 hadi euro 800 kwa mwezi, tangu Novemba 2024. Canada ilipandisha chake Januari 2024 hadi dola 20,635 za nchi hiyo kwa mwaka, mbali na karo. Uingereza, mwanzoni mwa 2025, ilimtaka mwanafunzi aonyeshe pauni 1,483 kwa mwezi akisomea London na pauni 1,136 akisomea kwingineko. Wakazi wa mtaa wa London hapa Nakuru wanaweza kulinganisha na kodi wanayolipa.

Ikiwa wakala anasema kijana anaweza kuishi Finland kwa euro 300 kwa mwezi, wakati serikali ya Finland inasema 800, mmoja wao hajui anachosema. Ni rahisi kukisia ni yupi.

Somo hili lina uchungu wa karibu. Mwaka 2023 wazazi na wanafunzi wa Kaunti ya Uasin Gishu waliandamana mjini Eldoret wakidai pesa walizolipa kwa ajili ya masomo ya Finland na Canada, na suala hilo likafika mahakamani. Wapo waliokuwa tayari wamefika Finland walipojua karo yao haijalipwa. Mahakama ina kazi yake. Kwa mzazi aliye Rongai au Bahati, swali la kujiuliza ni dogo zaidi: pesa zinalipwa kwenye akaunti ya nani, na chuo chenyewe kinasema kimepokea?

Ghuba: mshahara mdogo, matumizi madogo, hatari kubwa

Sasa mfano wa pili ulinganishwe na ule wa Ujerumani. Mfanyakazi wa nyumbani nchini Saudi Arabia kwa kawaida huahidiwa riyali 900 hadi 1,000 kwa mwezi. Riyali imefungwa kwa dola, 3.75 kwa dola moja, hivyo riyali 1,000 ni kama dola 267. Dola ikiwa shilingi 129, ni takriban shilingi 34,400. Mwajiri ndiye anayetoa malazi na chakula, na pia ndiye anayepaswa kulipa viza na tiketi.

Kwenye karatasi, basi, mwanagenzi wa Ujerumani wa shilingi 201,000 na mfanyakazi wa Riyadh wa shilingi 34,400 wanakaribiana sana katika kile wanachoweza kuweka katika mwaka wa kwanza. Hili huwashangaza wengi, na mawakala hulitumia. Wasilolisema ni kwamba hesabu hizo mbili haziendi pamoja baada ya hapo. Mwanagenzi anayemaliza miaka mitatu anaingia kwenye kazi ambayo, tangu Julai 2025, sheria ya Ujerumani inaiwekea kima cha chini cha euro 20.50 kwa saa kwa muuguzi aliyehitimu anayehudumia wazee. Mshahara wa kwenye mkataba unapita euro 3,000 kwa mwezi. Ushuru nao utaanza kumla vizuri, makato yakafika theluthi moja au zaidi, lakini kinachobaki ni mara kadhaa ya kile cha mwaka wa kwanza. Wa Riyadh atakuwa na riyali zile zile.

Halafu kuna gharama isiyo na tarakimu. Anayeishi nyumbani kwa mwajiri hana mlango wake wa kufunga. Visa vya mateso, pasipoti kunyakuliwa, mishahara kuzuiwa na hata vifo vya Wakenya katika nchi za Ghuba vimejadiliwa mara kwa mara Bungeni, na si uvumi. Anayechagua njia hii ahakikishe amepitia mafunzo ya kabla ya safari, ana mkataba uliosajiliwa, na mshahara wake utapitia benki kwa jina lake. Mshahara wa mkononi haumwachii ushahidi siku ya mgogoro. Na kama wakala wa kazi ya nyumbani anamdai msichana pesa za viza, hilo pekee linatosha kumfanya arudi nyumbani akafikirie upya.

Uingereza: mlango ulioshafungwa bado unauzwa

Kuhusu Uingereza, muuguzi aliyesajiliwa anayeanza kwenye huduma ya afya ya umma alilipwa pauni 31,049 kwa mwaka katika kipindi cha 2025/26. Baada ya ushuru, bima ya taifa na pensheni, kinachoingia mfukoni ni karibu pauni 2,000 kwa mwezi. Hapo atoe kodi ya nyumba, ushuru wa baraza la mji, ambao hulipwa na mpangaji na si mwenye nyumba, gesi na stima. Anayefanya kazi London huongezewa, lakini kodi ya London huimeza nyongeza hiyo bila kutafuna.

Jambo la dharura ni hili. Tangu Machi 11, 2024, wahudumu wa matunzo wanaoajiriwa kutoka nje hawaruhusiwi kuambatana na mume, mke au watoto. Na tangu Julai 22, 2025, Uingereza imefunga kabisa kuajiri wahudumu wa matunzo wapya kutoka nje. Hii ni kazi ya kulea wazee, tofauti na ya muuguzi aliyesajiliwa. Anayeuza nafasi za kazi hiyo leo, hata kama ofisi yake ina bendera na kiti cha ngozi, anauza mlango uliofungwa.

Kuuliza kama mtaalamu wa kigeni

Wakazi wa Naivasha wamezoea kuona wataalamu wa kigeni wanaoletwa na kampuni za maua au na miradi ya mvuke wa Olkaria. Mtaalamu wa aina hiyo mara nyingi hakubali kupanda ndege kabla ya kujua nani analipa nyumba, bima ya matibabu ni ya nani, watoto watasoma wapi, na tiketi ya kurudi iko mikononi mwa nani. Hakuna anayemwita mjeuri. Kijana wa Njoro anayeenda nje kwa mshahara mdogo zaidi ana sababu kubwa zaidi ya kuuliza maswali yale yale, lakini hunyamaza kwa kuhofia kunyang'anywa nafasi. Mwajiri wa kweli hujibu. Majibu yawe kwenye mkataba, na mkataba uwe kwa lugha anayoielewa msafiri.

Swali la kiwango cha ubadilishaji nalo lisidharauliwe. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160. Kabla ya mwaka kuisha ilikuwa karibu 129. Aliyekuwa akituma dola 500 kila mwezi aliona shilingi 80,000 zikiwa 64,500, na mshahara wake haujapungua hata senti. Kama alikuwa amechukua mkopo wa sacco na marejesho yake ya kila mwezi ni shilingi 70,000, alijikuta analazimika kufunga mkanda akiwa mji ambao mkanda wenyewe ulikuwa umeshafika tundu la mwisho. Hesabu ya safari ifanywe kwa kiwango kibaya, si kwa kiwango cha siku barua ilipofika.

Kabla ya kulipa chochote

Ajira za nje na uhamiaji ni jukumu la serikali ya kitaifa, kupitia Wizara ya Leba na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Mawakala wenye leseni wameorodheshwa na mamlaka hiyo, na orodha inaweza kuangaliwa mtandaoni bila malipo. Jina la wakala litafutwe pale herufi kwa herufi, kwa sababu matapeli hupenda majina yanayofanana na ya kampuni halali. Leseni huisha muda, hivyo cheti kilichotundikwa ukutani kisomwe tarehe. Maombi ya pasipoti hufanywa kwenye mtandao wa eCitizen, na malipo yake ni kwa serikali, si kwa kijana aliyesimama nje ya ofisi na faili mkononi.

Familia ikae siku moja na karatasi yenye mistari minne: kinachobaki kila mwezi, deni lote, miezi ya kulilipa, na kiasi ambacho msafiri atatuma hadi deni liishe. Mstari wa nne uandikwe mbele ya wote wanaotarajia kutumiwa, mjomba akiwemo. Kama jibu ni sifuri kwa mwaka wa kwanza, liandikwe sifuri. Michango ya SHA ya wazazi na karo ya wadogo zake ipangiwe njia nyingine kwa muda huo.

Na kabla ya kununua koti la baridi kwenye duka la Ulaya, msafiri apite kwanza soko la mitumba hapa mjini. Makoti mazito yanayouzwa pale, mengi yake yalitoka huko huko anakokwenda, na muuzaji wa Nakuru huyashusha bei kwa kuwa hapa hakuna anayeyahitaji. Pesa atakazookoa hapo ziungane na zile za tiketi ya kurudi, zikae kwenye akaunti ya Nakuru ambayo mtu mwingine hawezi kuigusa, mpaka mwezi wa sita wa kazi upite salama.